Muzee wa Laini

Mjini Rumonge watu walimwita Muzee wa Laini, ingawa nilipoanza kufanya naye kazi hakuwa na mvi hata moja. Laini yenyewe ilikuwa waya wa simu uliotoka barabara kubwa, ukapita juu ya michikichi ya watu watatu tofauti, ukaingia ofisini kwetu kupitia tundu kwenye fremu ya dirisha. Mwisho wa waya huo kulikuwa na modemu, kisanduku kidogo chenye taa nyekundu, na pembeni yake kompyuta moja, printa moja na yeye.

Ofisi ilikuwa ya kutafuta ndugu. Shirika lenyewe lilikuwa dogo na siku hizi halipo tena. Vita vilikuwa havijaisha, na watu wetu wengi walikuwa bado kambini Tanzania. Huko kambini, kila mwezi, aliyepotezana na watu wake alijiandikisha: jina lake, jina la mzazi, kilima, yaani kijiji, alichotoka, na maneno machache kwa yule anayemtafuta. Orodha zilikusanywa Bujumbura, na sisi tulizivuta kutoka Bujumbura kwa simu, herufi baada ya herufi, asubuhi nzima. Yeye alizipokea. Mimi nilizibandika ukutani na kuwasomea wasiojua kusoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa na mtu wangu wa kutafuta. Kaka yangu mkubwa, Melkiori, tulipotezana naye njiani tulipokimbia. Mimi na Mama tulirudi nyumbani. Yeye hatukujua alikoishia. Jina lake la Kirundi lilianza na S.

Jambo la kwanza ulilolijua kuhusu Muzee wa Laini ni kwamba alisikiliza. Modemu ilipoanza kupiga simu ililia, ikakoroma, ikapiga mluzi, na yeye aliinua kidole kimoja, na chumba chote kikanyamaza, hata kama kulikuwa na mtu analia. Kwa mlio ule alijua siku itakuwaje.

"Leo iko na mafua," angesema. Au, "Leo iko safi, leta karatasi."

Sijawahi kumsikia akisifu mtu kwa namna aliyoisifu laini ikiwa safi. Watu walimchosha. Ndiyo maana ilinishangaza kwamba kila asubuhi alipita kwenye foleni uani, akamshika mkono kila mmoja na kumwambia "Amahoro", mmoja baada ya mwingine, wazee, watoto, hata walevi, na hakuruka mtu. Kisha aliingia ndani, akaketi, na watu wale wale aliowashika mikono akawajibu kwa neno moja.

"Haiko."

Maana yake jina halimo. Hakusema pole. Hakusema labda mwezi ujao. Nakumbuka mama mmoja kutoka Kabezi, aliyetembea na mtoto mgongoni, alimwomba, "Angalia tena, Muzee. Macho inaweza kupita juu."

"Si macho yangu. Mashine ndiyo imeangalia. Laini haidanganyi, mama."

Mtu akianza kulia, yeye alitoka. Alisema anakwenda kukagua waya. Siku moja, mvua ikinyesha, nilimfuata na mwavuli. Nikiri kwamba nilitaka nimkute amejificha mahali analia, ili nimpende kidogo. Nilimkuta ameinua uso kwenye mvua, anakagua waya. Alikwenda nguzo hadi nguzo, na aliporudi alikuwa ameloa mpaka kwenye soksi.

Alichukia kukisia. Ukimuuliza kama itanyesha, alikwambia subiri uone. Alichukia pia redio, ingawa alizitengeneza redio za mtaa mzima bila kuomba kitu. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa padri, na barua zake zote aliziandika kwa kalamu, akisema ordinateri, yaani kompyuta, ni ya mambo ya watu wengine. Ndagala, dagaa wa ziwani, alizila kwa ubugali kila siku ya Mungu, akizipanga kwanza kwenye ukingo wa sahani, vichwa upande mmoja. Yeye mwenyewe, miaka yote ile, hakujiandikisha kutafuta mtu, na hakuna mtu aliyemwuliza kwa nini.

Makuti ya michikichi yalimsumbua zaidi ya watu. Upepo ukivuma kutoka ziwani, yaligusa waya, na laini ikakwaruza. Siku moja alichukua panga, akapanda, akakata makuti ya mchikichi wa jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na kikamulio cha mawese na ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mwenye mchikichi alikuja amefura.

"Weye umekata mikono ya muti wangu bila kuniomba?"

"Inakwaruza laini. Ikikwaruza, jina ya mutu inapotea."

"Jina ya nani?"

"Sijui. Ningejua ingekuwa haikupotea."

Yule jirani alisimama akafikiri. Kisha akamnyang'anya panga, akapanda mwenyewe, akakata makuti yaliyobaki vizuri zaidi. Tangu siku hiyo alikata kila mwezi, na kila mwezi Muzee wa Laini alikwenda kumshika mkono.

Sasa niseme juu ya programu, kwa sababu bila hiyo mtu huyu haeleweki.

Laini ile haikuwa yetu peke yetu. Tuligawana na kituo cha afya kilichokuwa nyuma ya ukuta. Sisi tukiishika, wao hawawezi kupiga simu. Mwanzoni yeye alikaa akiangalia ile taa nyekundu ya modemu: ikiwaka na kuzima, data inaingia, ikitulia, labda imeisha, labda bado. Wakati mwingine mambo yaliganda, laini ikabaki wazi bila kitu kupita, na yeye akangoja. Asubuhi moja alingoja namna hiyo zaidi ya saa nzima. Muuguzi alikuja mbio, gauni lake la kazi lina damu, akapiga kelele mlangoni.

"Toeni hiyo kitu yenu! Niko na muzazi anakufa, nataka ambulansi!"

Alichomoa waya papo hapo. Ambulansi ilitumwa, lakini ilichelewa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

 Kwa siku tatu zilizofuata hakula, na aliandika programu. Aliiita kaprogramu kangu, kwa sauti ambayo mtu hutumia kwa mtoto wake wa mwisho. Ilikuwa fupi, imejaa kioo kimoja tu. Kila sekunde tatu ilisoma herufi ngapi zimeingia, ikaonyesha namba. Namba ikipanda, ilingoja. Namba ikisimama kwa dakika moja na nusu, ilihesabu kwamba orodha imefika mwisho, ikaihifadhi, ikakata simu, ikaandika neno moja kwa Kifaransa: FIN, yaani mwisho. Na laini ilirudi kwa wagonjwa.

Muuguzi alimletea ndizi. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyowahi kuiona usoni mwa Muzee wa Laini. "Ikinyamaza, imeisha," alimweleza muuguzi, akimwonyesha kioo. "Hakuna kungoja bure tena." Likawa neno lake. Mtu akisita katikati ya sentensi alimwambia hivyo hivyo, "Umenyamaza, umeisha?"

Mama yangu alimwamini kuliko alivyoniamini mimi. Nilimwambia mara nyingi asihangaike, mimi nafanya kazi humo humo, jina likija nitaliona kabla ya mtu yeyote. Hakukubali. Kila mwezi alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanga foleni kama wengine, akafika mbele yake, akasema jina la mwanawe lote bila kuacha herufi. Na yeye akamtazama usoni, akamwambia, "Haiko, Mama." Mwezi wa tatu hivyo. Mwezi wa nne hivyo. Mwezi wa tano hivyo. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule.

Baada ya mara ya mwisho Mama hakuja tena. Aliita ndugu, akapika pombe, akafanya siku ya kuondoa kilio, ile tunayoiita kuganduka. Alimlilia Melkiori bila mwili na bila kaburi, kisha akanyoa nywele na kurudi shambani. Nilimwona anapanda mihogo kesho yake na nikashukuru kwamba limekwisha.

Aliyetuamsha ni mchuuzi wa mihogo kutoka Minago. Alikuja na baiskeli yake mpaka ndani ya ofisi, hakutaka kuiacha nje, akatoa barua ya mke wake iliyoletwa kwa mkono na mtu aliyevuka mpaka.

"Hii ni mukono ya bibi yangu," alisema. "Anasema alijiandikisha mara tatu. Kila mara nilikuja hapa. Kila mara uliniambia haiko. Sasa nani anadanganya, bibi yangu ao weye?"

Muzee wa Laini alisoma barua. Hakukasirika. Aliniambia nibandue orodha za miezi ile mitatu ya mvua, nizilaze chini sakafuni, kisha akapiga magoti kuzitazama. Orodha zilipangwa kwa herufi. Ya kwanza iliishia kwenye N. Ya pili iliishia kwenye N. Ya tatu pia. Mimi niliyezibandika sikuwa nimeona, wala watu wote waliosimama mbele ya ukuta ule hawakuona, kwa sababu nusu ya majina ya nchi yetu yanaanza na N, na ukiona N kurasa nzima hushangai.

"Lete ya kiangazi," alisema.

Nilileta ya mwezi wa nane. Iliishia kwenye Z.

Alikaa pale chini.  Kisha alisema, taratibu kabisa, kwamba mvua ikinyesha laini inaweza kunyamaza dakika mbili katikati ya orodha, Bujumbura ikiwa bado inatuma. Kwamba programu yake ilingoja dakika moja na nusu tu. Kwamba ilikata simu ikaandika FIN, na yeye akasoma FIN, akawaambia watu.

"Si laini," alisema. "Ni mimi."

Aliifuta programu mchana ule ule. Aliomba Bujumbura watume upya orodha zote za masika, akapatana na muuguzi kwamba mtu akizidiwa agonge ukuta kwa jiwe, naye atachomoa waya. Asubuhi nne mfululizo alikaa mbele ya kioo bila kuinuka. Wiki hiyo nilikuwa nimelala na malaria. Orodha mpya alizibandika mwenyewe.

Nilipopona nilimkuta amesimama uani mbele ya foleni, anawaeleza. Alieleza kila kitu, hata zile sekunde tisini. Mwanamume mmoja alimtemea mate kifuani. Hakujifuta mpaka alipomaliza kusema.

Halafu akachukua daftari langu la wageni, ambamo kila aliyekuja aliandikwa, akaanza kwenda kwa baiskeli nyumba kwa nyumba. Alikwenda Kabezi, akaenda Bugarama juu kule, akarudi Minago mara nne. Wengine aliwapelekea furaha, na hao hakukaa nao, hakunywa hata maji yao. Kwa wale wengine alikaa. Mara nyingine alinichukua nyuma ya baiskeli, kwa watu wasiomjua.

Minago tulimkuta mwanamke mmoja anaanika ndagala mchangani. Tumbo lake lilikuwa la miezi minne au mitano. Muzee wa Laini alimwamkia, akamwambia jina la mume wake wa kwanza, akamwambia yuko kambini, mzima, anamtafuta.

Yule mwanamke aliendelea kugeuza samaki.

"Ni weye uliniambia haiko?"

"Ni mimi."

"Nikaolewa."

"Naona, mama."

"Sasa umekuja nifanye nini?"

 Alisimama pale ameshika kofia yake. Yule mwanamke alifika mwisho wa mstari wa samaki, akaanza mstari wa pili, na bila kututazama akasema, "Ungeniacha. Ungeniacha tu nisijue." Tulirudi Rumonge. Mahali penye mlima alishuka akasukuma baiskeli, nami nikatembea nyuma yake.

Siku chache baadaye nilipata ujasiri. Alikuwa anarudisha mnyororo wa baiskeli uliotoka, mikono myeusi kwa grisi.

"Na S?" nilimwuliza. "Umetazama kwenye S?"

"Hayuko," alisema.

Kwa watu wote alikuwa akisema haiko, jina haiko. Kwangu alisema hayuko. Sikuisikia tofauti hiyo. Niliisikia miaka mingi baadaye.

Ofisi ilifungwa. Vita vilikwisha, watu walirudi kwa malori, simu za mkononi zikaingia na hakuna aliyehitaji tena waya juu ya michikichi. Mimi nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Yeye alitengeneza simu kwenye baraza karibu na bandari. Tulisalimiana nikipita. Sikumwona akiwa na mke wala rafiki, na alizidi kuwa mkali kwa wateja wake. Ukimuuliza kama simu itapona alikwambia, "Nitakujibu nikijua," na angeweza kuishika wiki tatu, akiifungua na kuifunga, hata wewe mwenyewe umeshaisamehe. Kisha miaka ya karibuni maji ya ziwa yakapanda, yakaingia nyumba za pwani, na nyumba aliyopanga ikawa na samaki chumbani. Nilisikia amehamia Kabezi kwa dada yake. Nilisikia pia anaumwa figo.

Mwaka huu dada yake alinipigia simu. Alisema, "Ndugu yangu anakuulizia. Njoo haraka."

Nilimkuta amelala kwenye godoro karibu na mlango, amevimba miguu. Alinishika mkono, akasema "Amahoro", na hakuuachia.

"Kaka yako alikuwepo," alisema. "Orodha ya mwezi wa nne. Ilipotumwa upya, nilimwona. Pamoja na hiyo Bujumbura walituma orodha nyingine, ya waliokufa kambini. Na huko nilimwona. Mwezi wa saba."

Nilimwambia simwelewi, ingawa nilimwelewa.

"Nilifuta mustari wake kabla sijachapa. Zote mbili. Mama yako alikuwa ameshaganduka. Nilitaka kukuambia mwenyewe ukipona. Kisha tukaenda Minago, nikasikia ile yule mwanamke alisema. Nikasema huyu nimuache."

"Aliandika nini?" nilimwuliza. "Mahali pa ujumbe. Aliandika nini?"

Alifumba macho. Hakuhitaji karatasi.

"Naumwa kifua. Mama aje."

Nilitoa mkono wangu mkononi mwake, nikatoka nje, sikuaga. Dada yake alinifuata na kikombe cha chai nikapita bila kukipokea. Njia nzima ya kurudi Rumonge nilikuwa nikipanga nitakavyoficha. Mama ni mzee sasa, anasikia kwa shida, halali vizuri. Nilifika nikamkuta anamenya mihogo, nikakaa chini kumsaidia, na kabla kisu hakijazunguka mhogo wa kwanza nilikuwa nimemwambia yote.

Hakulia. Alinawa mikono, akasema kesho nimpeleke.

Kesho yake alivaa kitenge kizuri. Dada wa mgonjwa alimwekea kiti, lakini Mama alikisogeza mpaka magoti yake yakagusa godoro. Muzee wa Laini alijaribu kuinuka, akashindwa. Alisema "Mama".

"Ulisema mwezi wa nne," Mama alisema.

"Wa nne, Mama."

"Akafa wa saba."

"Wa saba."

Mama alihesabu kwa vidole, kwa sauti: wa tano, wa sita, wa saba. Aliangalia vile vidole vitatu.

"Wakati huo nilikuwa na miguu," alisema. "Ningefika."

Kulikuwa na mengi ya kujibu. Barabara zilikuwa zimefungwa. Kulikuwa na wanajeshi, kulikuwa na mto, kulikuwa na mabomu njiani, na wanawake wengi waliojaribu kuvuka mwaka ule hawakufika. Nilingoja Muzee wa Laini aseme hayo. Karibu niseme mimi.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Ungefika."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Akainama, akaweka sikio lake linalosikia karibu na mdomo wa mgonjwa.

"Sasa sema alivyoandika," alimwambia. "Usiongeze neno."

Alisema. Mama akamtaka aseme tena, na yeye akasema tena, na tena, sauti ikizidi kupungua, mpaka dada yake akasimama mlangoni akaomba tumwache mgonjwa apumzike, na Mama, bila kugeuka, akasema hapana.